"Aba" na "Baba": Mfanano wa Sauti na Wajibu wa Mhubiri

Utangulizi

Katika mahubiri ya Kiswahili juu ya Marko 14:36, Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6, wahubiri wengi hupenda kusimama kidogo kwenye neno "Aba" na kuliambia kusanyiko kwamba neno hilo ni "baba" wetu huyu huyu. Kusanyiko hufurahi, na si ajabu, kwa maana kila mtu hupenda kusikia kwamba Bwana Yesu, alipomwita Mungu katika saa ya dhiki, alitumia neno lililo karibu na lugha ya nyumbani kwake. Juu ya msingi huo hujengwa hoja mbili. Ya kwanza husema kwamba kufanana kwa "Aba" na "baba" ni ushahidi kuwa lugha zetu, na pengine sisi wenyewe, tuna asili moja na Waebrania. Ya pili husema kwamba "Aba" ni neno la mtoto mchanga, sawa na "Daddy" la Kiingereza, na kwamba kwa neno hilo Yesu alituondolea kila umbali uliokuwapo kati yetu na Mungu.

Makala haya yanakusudia kuzipima hoja hizo mbili. Tunaona kwamba zote mbili hazisimami, na kwamba kosa lao ni moja: zinaitafuta maana ya neno katika asili ya sauti yake, badala ya kuitafuta katika matumizi yake. Tunaona pia kwamba kosa hili si dogo, kwa sababu linagusa swali la nani mwenye haki ya kumwita Mungu "Aba", na amepataje haki hiyo.

1. Majina ya baba katika ukingo wa Nyasa

Ili hoja yetu isielee hewani, tuchukue mahali pamoja. Mbaha iko kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, katika eneo lililokuwa la Wilaya ya Mbinga na ambalo sasa ni la Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Katika ukingo huo lugha nyingi hukutana. Wako wenyeji wa ziwani pamoja na lugha zao. Milimani wako Wamatengo. Mbele zaidi, upande wa Songea, wako Wangoni. Ng'ambo ya ziwa wako Wanyanja. Na ukifuata pwani kuelekea kaskazini unawafikia Wanyakyusa. Kiswahili kimewaunganisha wote shuleni, sokoni na kanisani.

Tukiuliza jinsi watu hawa wanavyomwita baba, tunapata majibu yanayofaa kutafakariwa. Mnyakyusa husema "tata". Mnyanja husema "atate", na pia "bambo". Mngoni husema "dadi". Kwa Wahehe na Wabena, walio kaskazini zaidi, "dada" ni baba; kijana wa Njombe anapojifunza Kiswahili hana budi kuzoea kwamba neno hilo hilo ni la ndugu wa kike. Hata lugha zilizo ndugu wa karibu kabisa zinaweza kuachana katika jambo hili: Mzulu humwita baba yake "ubaba", na Mxhosa humwita "utata".

Yako pia majina ya baba yaliyoletwa na Kanisa. Wamisionari wa UMCA, waliokuwa na makao yao katika kisiwa cha Likoma tangu miaka ya 1880, walileta Chinyanja katika ibada na shule za ukingo wa mashariki, na kasisi wao aliitwa "padri", neno lililotoka kwa Wareno. Wabenedikto walianza Peramiho mwaka 1898, na mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia; mkuu wake huitwa "Abate". Kiongozi wa Kanisa Katoliki duniani huitwa "Papa". Sisi Walutheri humwita mchungaji wetu "mchungaji", lakini askofu wetu ni "Baba Askofu". Hivyo mtu mmoja wa Ruvuma, pasipo kusoma lugha yoyote ya kigeni, anaweza kuwa na maneno matano au sita yaliyo na baba ndani yake. Swali letu ni hili: maneno haya yana uhusiano gani?

2. Njia tatu ambazo maneno hufanana

Neno la lugha moja laweza kufanana na la lugha nyingine kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni urithi. Lugha zilizozaliwa na lugha mama moja hubaki na maneno ya mama huyo. "Mtu" wa Kiswahili, "munthu" wa Chinyanja na "umuntu" wa Kizulu ni neno moja lililorithiwa na watoto watatu. Lakini wanaisimu hawasemi hivyo kwa sababu tu maneno haya yanafanana masikioni. Wanasema hivyo kwa sababu tofauti zilizomo hufuata kanuni: mabadiliko yaliyolipata neno hili yamelipata na lile, na lile jingine, kwa utaratibu. Urithi hauthibitishwi kwa neno moja.

Njia ya pili ni kukopa. Neno lililokopwa husafiri, na neno linalosafiri huacha nyayo. "Abate" ni mfano mzuri. Neno hili kweli lina asili yake katika "abba" la Kiaramu. Wakristo wa Mashariki waliwaita wazee wa watawa "abba". Wayunani na Walatini wakalichukua na kusema "abbas". Waitalia wakasema "abate". Nalo likafika Ruvuma pamoja na Wabenedikto. Kila kituo cha safari hiyo kina maandishi na watu wake. "Padri" nalo lina nyayo zake, kutoka "pater" la Kilatini hadi "padre" la Kireno na kutoka hapo hadi pwani yetu. "Papa" lilitoka katika neno la Kiyunani "pappas", ambalo mtoto alimwitia baba yake, likawa cheo cha maaskofu na mwisho cha askofu wa Roma. Basi kama mhubiri wa Mbaha anataka kuonyesha neno la Kiaramu lililofika nyumbani kwake, analo: ni "Abate", si "baba".

Maana "baba" halina safari ya namna hiyo. Wako waliosema kwamba Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, Kiajemi au Kihindi. Lakini Wakikuyu husema "baba", Washona husema "baba", na Wazulu kama tulivyoona; nao hawakulipokea kwa wafanyabiashara wa pwani. Neno hili pamoja na "tata" ni la zamani katika lugha za Kibantu zenyewe. Wala "dadi" la Kingoni si "Daddy" la Kiingereza, ingawa sikio haliwezi kuyatenganisha. Kama tukiruhusu sikio liwe mwamuzi, tutalazimika kuwafanya Wangoni kuwa jamaa ya Waingereza kwa hoja ile ile inayowafanya Waswahili kuwa jamaa ya Waebrania.

Inabaki njia ya tatu: maneno hufanana kwa sababu kitu kimoja kinatenda kazi kila mahali, pasipo urithi na pasipo mkopo.

3. Midomo ya mtoto

Mfanano wa "Aba" na "baba" si wa lugha hizo mbili tu. Mturuki husema "baba", na Mchina pia husema "baba". Mtamil wa India Kusini husema "appa", na Mkorea vilevile. Mhungari husema "apa". Lugha hizi ni za koo mbalimbali kabisa, na hakuna historia inayoweza kuzikusanya zote katika nyumba moja. Mtaalamu George Peter Murdock alikusanya majina ya mama na baba kutoka lugha za ulimwengu mzima, na mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, aliyachunguza majina hayo 1,072 na kueleza sababu ya kufanana kwao.

Maelezo ya Jakobson kwa ufupi ni haya. Mtoto anapoanza kujaribu sauti, hutangulia zile zilizo rahisi: irabu "a", ambayo kwayo kinywa hufunguka, na konsonanti za midomo na za ncha ya ulimi, yaani "m", "b", "p", "t", "d" na "n". Akizifunga na kuzifungua mara kwa mara hutoka "mama", "baba", "papa", "tata", "dada". Mtoto hajamwita mtu yeyote bado. Ni wazazi wanaosikia sauti hizo na kusema, "Ananiita mimi." Sauti hupewa maana na yule anayeitikia, na baadaye mtoto mwenyewe huijifunza maana hiyo.

Kwamba maana haimo ndani ya sauti yenyewe, Wageorgia wa Kaukazi wanatuthibitishia: kwao "mama" ni baba, na mama ni "deda". Tena Wabena na Waswahili, walio ndugu, wameigawa sauti "dada" kwa baba na kwa ndugu wa kike.

Hapa hoja ya kwanza inaanguka. Kufanana kwa "Aba" na "baba" hakuthibitishi asili moja ya mataifa. Kunathibitisha kwamba mtoto wa Nazareti na mtoto wa Mbaha wana midomo ya namna moja. Jambo hilo tulilijua tangu Mwanzo sura ya kwanza, wala halikuhitaji Kiaramu kulithibitisha.

Tuongeze jambo moja ambalo hulisahau mara nyingi anayehubiri kwa Kiswahili. Katika Kiyunani cha Marko na Paulo, maneno mawili yaliyowekwa sambamba ni "abba" na "pater". Hayafanani hata kidogo. Msomaji wa kwanza alisikia neno geni, kisha neno la lugha yake. Katika Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, maneno hayo yamekuwa "Aba" na "Baba", yanayotofautiana kwa konsonanti moja. Mfanano unaotufurahisha umo katika tafsiri yetu, mtume hakuuandika. Mhubiri anayejenga hoja juu yake anajenga juu ya bahati ya mfasiri.

4. "Aba" si neno la kitoto

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu ina jina la mtaalamu nyuma yake. Joachim Jeremias, profesa wa Agano Jipya katika Chuo Kikuu cha Göttingen, alifundisha kwamba "abba" lilizaliwa katika usemi wa watoto wadogo, na kwamba hakuna Myahudi mwingine aliyethubutu kumwita Mungu hivyo. Mafundisho hayo yalienea haraka katika vyuo na mimbari. Lakini Jeremias mwenyewe baadaye alirudi nyuma, akakiri kwamba katika siku za Yesu watu wazima nao waliwaita baba zao "abba", na akawaonya wasomaji wasidhani kwamba Yesu alichukua usemi wa mtoto mchanga. Waliomfuata walilishika neno lake la kwanza wakaliacha la pili. Mwaka 1988 James Barr aliandika makala ambayo hata kichwa chake kilikanusha kwamba "abba" ni "Daddy". Barr alionyesha kwamba hata kama neno lilianzia kwa watoto, hilo halitoshi kutuambia maana yake kinywani mwa mtu mzima. Tena Kiyunani kilikuwa na neno la kitoto, lile "pappas" tulilolitaja, na waandishi wa Agano Jipya hawakulitumia. Waliandika "pater", neno la watu wote.

Barr alikuwa amekwisha kuonya tangu mwaka 1961, katika kitabu chake juu ya maana za maneno ya Biblia, kwamba historia ya neno si maana yake. Onyo hilo linawahusu wanafunzi wetu kwa namna ya pekee, kwa maana insha nyingi za ufafanuzi huanza kwa kuchimbua shina la neno na kuishia hapo hapo, kana kwamba shina ndilo tunda.

Wafasiri wa zamani walilijua jambo hili. Ulfila, askofu wa Wagothi katika karne ya 4, alipoifasiri Biblia alikuwa na neno "atta", ambalo asili yake ni ile ile ya kitoto, lakini kwa Wagothi lilikuwa ndilo neno la kawaida la baba. Akalitumia hata katika Sala ya Bwana. Alipofika Wagalatia 4:6, penye maneno mawili, aliacha "abba" kama lilivyo na kando yake akaweka "fadar". Martin Luther naye, katika Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6, hakutafuta neno la kitoto la Kijerumani. Aliacha "Abba", akaandika neno la kawaida la baba, na akaliongezea sifa ya upendo, "baba mpendwa". Ukaribu aliuonyesha kwa sifa hiyo, na heshima akaiacha mahali pake.

Katika jambo hili Kiswahili kina baraka ambayo Kiingereza hakina. Kwetu "baba" si neno la mtoto tu. Mzee wa miaka 60 akimwamkia mzazi wake bado humwita "baba". Mama humwita mwanawe mdogo "baba" anapombembeleza ale. Ndugu wa baba ni baba mkubwa na baba mdogo. Neno moja linabeba upendo na mamlaka pamoja, wala halimwachi mtu anapokua. Ndivyo lilivyokuwa "abba" la Kiaramu. Basi wafasiri walioandika "Baba" walifanya sawa, na walifanya sawa kwa sababu ya matumizi ya neno. Sauti yake haikuwa na kazi hapo. Mhubiri anayeliacha "Baba" na kukimbilia "Daddy" ili aeleze "Aba" ameliacha neno lililo karibu na maana akashika lililo mbali.

Tena tuangalie Yesu alilisema neno hilo wapi. Katika Injili tunalisikia mara moja tu, Gethsemane, na katika sala hiyo hiyo anayakabidhi mapenzi yake kwa Baba. Ni sauti ya Mwana mtu mzima, anayeomba akijua kwamba atatumwa, na anayeenda alikotumwa. Mtu wa Mbaha anayejua kwamba anayesema "baba" yuko tayari pia kuitika "naam" amekwisha kulielewa neno hili kuliko anavyofundishwa.

5. Nani aweza kusema "Aba"?

Sasa tunafika mahali ambapo kosa la hoja hizi linaumiza. Maana ya "baba" si moja hata katika kusanyiko moja. Kwa Wangoni na Wamatengo ukoo hufuata upande wa baba, naye ndiye mwenye jina na urithi. Kwa Wanyanja na Wayao ukoo umefuata upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto. Katika makusanyiko yetu wako watoto waliolelewa na bibi, wako waliosomeshwa na baba mdogo, wako waliokanwa kabla hawajazaliwa, na wako ambao baba zao walikuwa hofu ya nyumba. Mhubiri akisema kwamba "Aba" ni sauti inayotoka yenyewe katika kinywa cha kila mtoto kumwelekea baba yake mwema, watu hawa wote amewaacha nje ya mlango. Walitoa sauti hiyo, na hakuna aliyeitika.

Paulo hasemi hivyo. Katika Warumi 8 na Wagalatia 4, kilio cha "Aba" kinatajwa pamoja na kufanywa wana, na kinatajwa kinyume cha utumwa. Kufanywa mwana ni tendo la sheria: asiyekuwa na haki ya jina na urithi anapewa vyote viwili. Ukingo wa Nyasa unaweza kulielewa jambo hili pasipo maelezo mengi. David Livingstone alipolifikia ziwa mwaka 1859, watu walikuwa wakivushwa kwa majahazi na kupelekwa kwa misafara hadi Kilwa kuuzwa. Mtumwa aliyefika pwani alikuwa amepoteza zaidi ya uhuru wake. Alikuwa amepoteza nasaba, asiwe tena mwana wa mtu fulani. Kinyume cha utumwa, kwa Paulo na kwa mtu huyo, si kufunguliwa minyororo tu. Ni kuwa na baba ambaye jina lake waweza kulitaja mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo ni jambo kubwa kwamba Paulo, akiwaandikia watu wa Roma na Galatia, wengi wao si Wayahudi, aliliacha neno "Abba" katika ugeni wake. Halikuwa neno lao. Hawakulirithi kwa damu wala hawakulijifunza magotini pa baba zao. Walilipokea kwa Mwana, na Roho ndiye aliyelitia kinywani mwao. Anayetaka kuthibitisha kwamba neno hili ni letu kwa asili, kwa kuwa linafanana na "baba", anatufunga katika kitu ambacho Paulo alitufungulia. Kama ni letu kwa damu, basi si neema. Na aliye na damu nyingine hana sehemu.

Luther, katika mafundisho yake juu ya Wagalatia yaliyochapishwa mwaka 1535, alisema juu ya kilio hiki kwamba ni kidogo mno, hata anayelia hujiona kama hasemi kitu, lakini mbele za Mungu kinaipita fasaha ya Demosthenes na Cicero. Alikuwa akimfikiria mtu aliye katika majaribu, asiye na neno lingine. Mtu huyo hasaidiwi na shina la neno. Husaidiwa na ahadi ya yule anayeitikia.

Hitimisho

Tunawashauri wachungaji na wanafunzi mambo matatu. Kwanza, mfanano wa sauti usitumiwe kama ushahidi wa asili ya watu wala wa maana ya andiko. Anayedai kwamba neno limesafiri aonyeshe nyayo zake. Pili, maana ya neno itafutwe katika matumizi yake, yaani nani alisema, wapi, na kwa nani, kabla ya kugusa shina lake. Tatu, "Baba" la Kiswahili litumiwe pasipo haya, kwa kuwa linatosha, na "Aba" liachwe lisikike geni kidogo, kama mtume alivyoliacha.

Twaweza kukubali kwamba maelezo ya Jakobson yana mfano mzuri kwa mimbari, mradi mhubiri aseme wazi kwamba ni mfano tu na si uthibitisho: mzazi huitika kabla mtoto hajajua anamwita nani. Lakini hata mfano huo una mpaka wake, kwa kuwa wako watoto ambao hawakuitikiwa. Hao ndio wanaopaswa kuambiwa, kwa maneno yasiyo na mashaka, kwamba neno hili halikutegemea baba waliyempata wala lugha waliyozaliwa nayo. Wamepewa.